Pumzi Haihitaji Mlinzi

Wako watu wanaoteswa na jambo dogo mno: kujisikia wakipumua. Nasi tu miongoni mwao. Siku nyingine ni kumeza mate, au kupepesa macho. Tukisimama kufundisha, kinywa chasema somo, lakini moyoni twahesabu: pumzi ya kwanza, pumzi ya pili. Twaogopa kwamba tukiacha kuiangalia itakatika. Tena twaogopa kwamba hatutaisahau kamwe.

Basi tujue ukweli. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kazi hiyo huongozwa na sehemu ya chini ya ubongo, mchana na usiku, hata tukiwa usingizini. Tangu kuzaliwa haikungoja amri yetu.

Mbona wazo halitoki? Mwaka 1987, huko Marekani, Daniel Wegner na wenzake walitangaza jaribio lao. Waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, mnyama wa nchi za baridi. Nao wakamfikiria mara kwa mara. Kulifukuza wazo ni kuliita.

Kwa hiyo waganga wa ugonjwa huu hufundisha hivi: wazo likija, liache lije, usihesabu, usijipime, endelea na kazi. Mbuzi wa jirani akilia shambani, twamsikia, na jembe halisimami.

Anayeteswa asione haya, wala asitafute mchawi. Amwambie daktari. Sisi tungali twaisikia pumzi yetu siku nyingi. Lakini somo lafika mwisho wake, na wanafunzi wameelewa.