Dalali wa picha naye ale, lakini mizani iwe wazi

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za mapenzi na mavazi, tuongee pesa. Na pesa yenyewe si ya mahindi wala ya ng'ombe, ni ya picha. Ndiyo, picha za kuchora, ndugu zake zile tunazozijua ukutani mwa saluni na nyuma ya malori. Kuna watu duniani wanazikodia banda, wanazikatia bima, wanazipandisha ndege, kisha wanaziuza kwa bei ya kununulia kiwanja na chenji ikabaki. Na kuna kijana mmoja hapa Kongwa, rafiki yangu tangu sekondari, ambaye mwezi huu anatakiwa aseme ndiyo au hapana kuhusu biashara hiyo.

Jina lake nalihifadhi. Mchana anaandika mabango ya maduka, jioni anachora anachokipenda mwenyewe: akina mama wa Kigogo wakitwanga, mibuyu, ng'ombe wakishuka kisimani wakati wa kiangazi. Juzi kaletewa ujumbe na mwenye galari, yaani duka linalouza picha za wasanii. Jamaa anataka picha 6 azipeleke kwenye maonyesho ya nje. Zikiuzwa, wagawane nusu kwa nusu.

Kijiweni kwetu moto ukawaka! "Nusu nzima? Kwani yeye kashika brashi?" Mmoja akasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mwingine akasema heri nusu ya ng'ombe kuliko kuku mzima. Mwenye picha zake akakaa kimya, maana ameshawahi kuumwa na nyoka. Kuna duka moja la mjini lilichukua picha zake 4 kwa mali kauli. Mpaka leo hajui ziliuzwa shilingi ngapi. Alipewa kibahasha, akaambiwa ashukuru Mungu.

Sasa tuielewe kwanza hii biashara, kabla hatujatukana watu. Wengi tunadhani maonyesho ya sanaa ni kwenda kutazama na kurudi nyumbani. Yale ya makumbusho ndivyo yalivyo, lakini haya ninayoyasema ni soko. Chukua mfano wa Nanenane pale Nzuguni: mabanda yamepangwa mistari, kila mwenye banda kaleta mali yake, watu wanapita wanauliza bei. Tofauti ni kwamba hapa mwenye banda kwa kawaida si mchoraji, ni galari. Inaomba nafasi, kamati inakaa na kuchagua nani aingie, na aliyekubaliwa analipia banda kwa kila mita ya mraba. Auze asiuze, banda limelipwa.

Masoko haya si mageni. La Basel, kule Uswisi, lilianza mwaka 1970. Kwetu Afrika, la Johannesburg lilianza mwaka 2008, na la Cape Town likafuata mwaka 2013. Mwaka huohuo wa 2013, mama mmoja wa Morocco, Touria El Glaoui, alifungua London soko la sanaa ya Afrika tupu, akaliita 1-54: bara 1, nchi 54. Baadaye likafika New York na Marrakech. Siku ya kwanza huwa ni ya waalikwa, wale wenye mifuko mizito na wakubwa wa makumbusho. Ukiona kidoti chekundu kimebandikwa pembeni mwa picha, ujue hiyo imeshapata mwenyewe, kodoa macho tu upite.

Je, watu wetu wamo? Wamo, tena sana. Kampala kuna galari inaitwa Afriart, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Daudi Karungi, ambaye naye ni mchoraji. Nairobi wapo Circle Art. Wote hawa wamefunga safari na makasha yao kwenda kwenye masoko hayo, Cape Town na London.

Na katika makasha ya Afriart imo kazi ya dada yetu wa Kitanzania, Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Huyu alikuwa mfanyakazi wa benki. Uchoraji alijifundisha mwenyewe, kisha mwaka 2018 akaiaga benki ashike brashi moja kwa moja. Picha zake ukiziona mara moja huzisahau: wanawake weusi, weusi kwelikweli, na nyuma yao peupe, hakuna mti wala nyumba. Macho yako hayana pa kukimbilia ila kwa yule mwanamke. Mtanzania kachora, galari ya Uganda ikabeba, wanunuzi wakazikuta Afrika Kusini na Uingereza. Hakuna aliyemchukua kwa sababu ana cheti cha chuo cha sanaa, hicho hana.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu, ambaye kila msimu anapeleka mahindi soko la Kibaigwa. Wanaopita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma wanalijua: malori yamepangana, vumbi, kelele, na madalali wenye simu mbili mbili. Nikamuuliza, "Shangazi, dalali si anakunyonya?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Mwanangu, mimi mnunuzi wa Mombasa nitamjulia wapi? Dalali ale, ndiyo kazi yake. Mimi nagomba na lumbesa."

Basi hapo shangazi, bila kujua, kanifundisha biashara ya sanaa nzima! Mkulima wa kijijini kabisa anaelewa kwamba anayemjua mnunuzi naye amelima shamba lake, ila shamba hilo ni la watu. Mwenye galari anatengeneza makasha ya mbao, analipa bima, nauli, karatasi za forodha, banda, wapambaji na taa. Anakaa miaka anawazoea wanunuzi, anawapigia simu, anawaandikia. Nusu kwa nusu ndiyo desturi iliyozoeleka katika biashara hii duniani kote, si jambo la kutungiwa mtu wa Kongwa.

Tuseme picha imeuzwa milioni 4. Mchoraji 2, galari 2. Kijiweni wanasema "kala milioni 2 bure". Lakini kama zimeuzwa 2 tu kati ya 6, kapata milioni 4 za kulipia banda, makasha na ndege, na huenda karudi nyumbani na deni. Mchoraji hajakatwa hata thumni ya hasara hiyo. Nani kamnyonya nani?

Tena kuna jambo ambalo kijiweni halikutajwa hata mara moja: jina. Mkumbukeni mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, wa Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao laini kwa rangi ya mafuta, na picha zikauzwa barazani Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Ushirika umelisha familia nyingi, na mimi nauheshimu. Lakini angalia kilicholipata lile jina. Leo tingatinga ni aina ya picha, kila mwenye brashi anachora, kila duka la watalii linauza, na bei inashuka kama mahindi ya mwezi wa saba. Mwenye picha nzuri na mwenye picha ya kulipua wanapangwa ukuta mmoja. Kazi ya galari nzuri ni kuzuia hilo: kuandika kila picha ni ya nani, ilichorwa lini, iko kwa nani, na kukataa kuitupa kwa bei ya njaa hata siku mwenye nayo anapokuwa na njaa.

Lakini ngoja, nisionekane nimehongwa na wenye galari! Upande wa pili nao una miiba. Mwaka 2019, picha ya mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 1.5 hivi. Watu tukashangilia Afrika Mashariki nzima. Lakini kwenye mnada, fedha humwendea aliyekuwa anaimiliki siku hiyo, si aliyeichora. Ukishauza, umeuza. Kwa hiyo nani ananunua na kwa bei gani, hayo si mambo ya kumwachia dalali peke yake, eti wewe ni msanii huna kichwa cha hesabu.

Na hapa ndipo palipo na lumbesa ya sanaa. Nusu siyo lumbesa. Lumbesa ni kutoambiwa bei. Ni kuambiwa "bado haijauzwa" kumbe imening'inia sebuleni kwa mtu. Ni kukatwa gharama za fremu na kasha baada ya mauzo wakati mwanzo hamkuzitaja. Kwenye gunia unaona kichuguu kimeota juu, unapiga kelele. Kwenye picha kichuguu hakionekani, kimo ndani ya daftari la mtu, Dar es Salaam au ng'ambo.

Ndiyo maana sikumwambia rafiki yangu akubali wala akatae. Nilikaa naye usiku mmoja kwenye kibatari cha simu, tukaandika maswali 7. Bei ya kila picha ni ngapi, na nani anaruhusiwa kuishusha? Mnunuzi akiomba punguzo, linakatwa kwa nani? Gharama za kasha, bima na fremu ni za nani? Baada ya kuuza, nalipwa ndani ya siku ngapi? Nitaambiwa jina la mnunuzi? Ambazo hazikuuzwa zinarudi lini na kwa nauli ya nani? Na je, wakati huo naruhusiwa kuuza nyingine hapa nyumbani?

Tukaziandika kwa Kiswahili safi, akazituma. Kijiwe kizima kikacheka, eti tajiri atakasirika ampe nafasi mwingine. Majibu hayajaja, na kijana ana kodi ya chumba inayomsubiri, kwa hiyo hofu ni ya kweli. Akiipoteza nafasi hii, hapa Kongwa sijui ya pili itakuja lini. Lakini mimi nasema galari iliyoizoea kazi hii ina majibu ya maswali hayo mezani tayari, na inayoyakasirikia imeshajibu.

Ndugu zangu, mkoa huu haujaanza kuchora jana. Kule Kolo, Kondoa, kuna picha za kale kwenye miamba ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Walioziacha hawakuandika majina yao, na hatuna wa kumuuliza. Wa leo wana majina na wana watoto wa kulisha. Wewe mzazi unayemchapa mwanao kwa kuchora kwenye daftari la hesabu, mchape kidogo tu. Halafu mfundishe hesabu zenyewe vizuri, maana atazihitaji siku dalali atakapobisha hodi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.