Ami Alimwita Mjamzito

Mwezi wa Agosti mwaka 1992 nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nakaa Magongo, Mombasa, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Moi. Alfajiri moja jirani alinigongea dirisha. "Amka! Wamarekani wanataka makuli." Sikungoja chai.

Somalia ilikuwa inakufa njaa. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, wenye bunduki wakagawana nchi, na chakula kilichopita bandarini kikaporwa kabla ya kufika bara. Katikati ya Agosti Rais George Bush alitangaza kwamba majeshi yake yatapeleka chakula kwa ndege, na Mombasa ndiyo ikafanywa kituo. Ndege zilizokuja kwa kazi hiyo zilikuwa za aina ya C-130, za kijivu na kijani, zenye injini nne za panga. Zilianza na Wajir huku Kenya, zikaendelea Somalia: Belet Weyne, Baidoa, Bardera na Huddur.

Gengi letu lilikuwa la watu kumi na wawili. Mkubwa wetu alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi Kilindini, akipakua meli tangu enzi za Mwingereza. Sote tulimwita Ami. Siku ya kwanza tulisimama kando ya lami tukiitazama ndege ya kwanza ikitambaa kutujia. Tumbo lake lilikaribia kugusa ardhi, magurudumu mafupi yamejificha ubavuni, na ilipokuwa ikikata kona ilitikisika taratibu. Ami alizishika ndevu zake akasema, "Huyu mjamzito." Basi. Kuanzia saa ile hakuna aliyesema C-130 tena. Tulikuwa tukiulizana, "Wajawazito wangapi leo?"

Kazi ilikuwa ya mgongo. Magunia ya kilo 50, ya mahindi na maharagwe, tuliyapanga juu ya paleti pana za aluminiamu, tukayafunika kwa wavu na kukaza mikanda. Paleti ikisukumwa ndani kupitia mlango wa mkiani, ilipita juu ya magurudumu madogo yaliyotandikwa sakafuni, yakilia kama shanga zikimwagika. Harufu ninayoikumbuka ni ya mafuta ya ndege yaliyochanganyika na vumbi la mahindi. Jioni ukipenga kamasi, unatoa unga.

Ndani ya ndege moja alikuwapo sajenti mmoja aliyehusika na mizigo. Kwa kuwa mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule, Ami alinifanya mkalimani. Nilimsikia yule sajenti akiiita ndege yake Herk, nikamuuliza kama hiyo ni aina nyingine. Alicheka, akakaa juu ya gunia, akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Hercules, alisema, jina la yule jitu mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki, ni jina la kiwandani na la makaratasi. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1954, na tangu hapo waliolala ndani yake, waliokula ndani yake, waliotapika ndani yake, wamelikata jina hilo likabaki Herk. "Jina refu ni la wageni," aliniambia. "La nyumbani ni fupi."

Nikamwambia Ami. Ami akatikisa kichwa, akamwelewa kabisa. Hata mtoto, alisema, cheti kina jina lake, na mama ana lake.

Tangu siku hiyo kila tulipopumzika nilimchokoza sajenti anipe jina jingine. C-141, ambayo karatasi ziliita StarLifter, mnyanyuaji wa nyota, wao waliiita Starlizard, mjusi wa nyota, kwa ajili ya rangi yake ya kijani iliyochanganyika na kijivu. C-5, ile kubwa kupita zote za jeshi lao, jina lake rasmi Galaxy, mafundi waliiita Fred. Ukidhani ni jina la mtu umekosea: kila herufi ilisimamia neno, na maneno yote yalilaani gharama zake na tabia yake ya kuharibika. B-52, ndege ya mabomu, waliiita Buff, nayo ni herufi za maneno yanayosema kwamba ni jamaa mkubwa, mnene, mwenye sura mbaya. Helikopta ya vita vya Vietnam ilipewa na jeshi jina la kabila la Iroquois. Askari waliitazama alama yake ya zamani, HU-1, wakaisoma kama neno, ikawa Huey mpaka leo.

Jina la F-105 lilininyamazisha. Waliiita Thud, mlio wa kitu kizito kikianguka. Sisi tungesema pu! Karibu nusu ya ndege zote za aina hiyo zilizotengenezwa zilipotea katika vita vya Vietnam. Jina lililoanza kama kejeli lilikuja kutamkwa kwa heshima, kwa sababu waliobaki hai walikuwa wakiwataja wenzao ndani yake.

Na ilikuwapo A-10. Jeshi liliipa jina la radi, Thunderbolt II. Wanaoirusha waliiita Warthog. Sajenti aliniuliza kama nimewahi kumwona mnyama huyo, nikamwambia ngiri tunawaona Tsavo, pembeni mwa barabara ya Nairobi, wamepiga magoti wakila majani. Alifurahi kama mtoto. Ndege ile, alisema, ni mbaya wa sura vilevile, puani ina bunduki yenye mitutu saba, na rubani ameketi ndani ya beseni la madini ya titani. Imejengwa kuruka chini na kupigwa bila kuanguka. Hapo nikaona jina la utani linavyoweza kueleza chombo kuliko kitabu chake. Radi haikwambii lolote juu ya A-10. Ngiri anakwambia yote.

Siku moja tu Ami alikasirika. Sajenti alitamka, nami nikatafsiri bila kufikiri, kwamba watu wa ndege za mizigo hujiita wabeba takataka. Ami alisimama, akatia mkono kwenye gunia lililochanika, akatoa konzi ya mahindi ya manjano. "Mwambie haya si takataka. Mwambie kuna mama kule Baidoa anayahesabu punje kwa punje." Nilitafsiri. Sajenti alivua kofia. Akasema wanalibeba jina hilo kwa fahari, maana wao huchukua chochote watakachopewa, popote watakapotumwa, lakini mzee ana haki. Sikumsikia akilitamka tena mbele yetu.

Septemba ndege moja ilipigwa risasi Belet Weyne na safari zikasimama kwa siku kadhaa. Desemba wanamaji wa Marekani wakashuka Mogadishu. Februari 1993 kazi yetu ya magunia ikaisha, nikabaki na vibarua vya hapa na pale palepale uwanjani. Vita navyo vikageuka. Oktoba helikopta mbili za Black Hawk zikaangushwa Mogadishu, wakafa Wamarekani 18 na Wasomali mamia.

Baada ya hapo nilimwona mjamzito mwingine. Mwili uleule, panga zilezile, lakini ubavuni kushoto mitutu imechomoza. Nilimwita Ami aje atazame. Alitazama muda mrefu. "Huyu si wetu," akasema. Niliuliza, nikaambiwa hiyo ni AC-130, jina lake Spectre, yaani mzuka. Ilizaliwa kiwanda kimoja na Herk, ila badala ya magunia ilibeba mzinga wa milimita 105, na ilizunguka angani usiku ikipiga chini.

Tarehe 14 Machi 1994 mzuka mmoja uliruka kuelekea Somalia. Kombora la mzinga lililipuka ndani ya mtutu wake mwenyewe, moto ukashika injini, na ndege ikaanguka baharini karibu na Malindi. Ndani walikuwa watu 14. Wanane walikufa.

Jioni hiyo tulikaa barazani kwa Ami, kahawa inapoa vikombeni. Nilianza kumtajia tena majina yote niliyokusanya, Herk, Fred, Thud, Mzuka, kama mtu anayetafuta la kusema matangani. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Na yule kijana wa mizigo, aliyevua kofia, jina lake nani?"

Sikujua. Nusu mwaka nilifanya kazi naye bega kwa bega, nikajua ndege yake inaitwaje nyumbani, yeye sikumuuliza. Wala yule mama wa Baidoa sikujua jina lake, wala wale wanane wa Malindi. Ami alifunika uso kwa viganja, akawaombea wote, bila majina.