Nani Anakula Uniti?

Kwa sisi tunaopanga nje ya kampasi, LUKU inavunja urafiki kuliko mapenzi. Nyumba yetu ina vyumba vinne na mita moja, na tunachanga sawa kwa sawa. Muhula huu uniti zilianza kuisha kabla ya wiki, macho yote yakamgeukia dogo wa mwaka wa kwanza. Kosa lake? Anakesha na kompyuta. Kikaitishwa kikao: aongeze mchango au atafute chumba kwingine. Hela ya kuongeza hana, bumu lake lilikuwa halijatoka.

Mimi nasoma sosholojia, ila fizikia ya kidato cha nne haijanitoka yote. Nikaomba siku mbili. Jamaa yangu wa uhandisi akaja na mita ya kubana, ile yenye mdomo kama koleo. Inabana waya mmoja tu. Ukibana zote mbili inasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana.

Chaja ya dogo imeandikwa mgongoni: volti 20, ampea 2.25. Zidisha, unapata wati 45, na huo ndio mwisho wa uwezo wake. Hata tukimpa masaa kumi kwa siku, pamoja na kinachopotea kwenye chaja yenyewe, ni nusu uniti.

Tukahamia kwenye hita ya kuchemshia maji, mali ya kaka wa mwaka wa tatu. Ilipokuwa inafanya kazi, soketi ilisoma volti 205 na waya ukasoma ampea 3.9. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani ni omu 52.6. Zidisha: wati 800 hivi. Kwenye kibandiko wameandika wati 1000 kwa volti 230, na 230 mara 230 gawanya kwa 1000 ni 52.9. Kwa hiyo hita ni nzima, inafanya kazi yake vilevile ilivyotengenezwa.

Kaka akadaka hapohapo: "Si mnaona? Umeme wa huku mdogo, hata wati zake hazifiki!"

Hoja hiyo niliisikia hadi kwa watu wa uhandisi, na ni tamu kweli. Lakini maji hayajui volti. Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 22 mpaka 45, inahitaji nusu uniti na ushee. Kwa wati 1000 ni dakika 32, kwa wati 800 ni dakika 40. Umeme ukipungua unasubiri zaidi, na ndoo inazidi kupoa huku inachemka. Tulihesabu ndoo tano kwa siku: uniti 2.7. Dogo hayumo kwenye hizo ndoo, anaoga maji ya baridi.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Kila ndoo sasa inaandikwa kwenye karatasi ukutani, na dogo anabaki chumbani kwake kwa mchango uleule.

Kaka alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na friji je?"

Hapo kazi ni ngumu zaidi. Friji ina mota, inawaka na kuzima yenyewe, na kwa mota kuzidisha volti kwa ampea tu kunatoa jibu kubwa kuliko wati halisi. Itabidi tuzime kila kitu kingine usiku mmoja, tusome LUKU yenyewe jioni na asubuhi. Friji ni ya aliyeitisha kikao cha kwanza. Amesema wiki hii ana mitihani.