Kutoka Tarime hadi Mugumu: Wimbo ubaki, wembe uwekwe chini

Anayepanda basi asubuhi Tarime mjini kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hupita Nyamwaga, akafika Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, kisha akavuka Mto Mara. Spika za basi huanza na Bongo Fleva. Kabla ya safari kwisha, litungu huwa limeshaingia, na hata abiria aliyesinzia hujikuta akitikisa bega.

Litungu ni ala ya Wakurya yenye nyuzi nane. Mwili wake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hukaa chini au kwenye kigoda akazichezea nyuzi kwa vidole, na sauti inayotoka ni nzito, yenye kunguruma. Mapigo yale yale hurudi tena na tena mpaka msikilizaji anasahau saa.

Mvuto wa namna hiyo ndio vijana wa Uingereza walioutafuta miaka ya 1960. George Harrison wa The Beatles alipiga ala ya Kihindi, sitar, katika rekodi ya mwaka 1965, na mwaka 1967 Pink Floyd wakatoa albamu yao ya kwanza, yenye gitaa za mwangwi na sauti za kuelea. Zaidi ya nusu karne baadaye, muziki ule bado unasikilizwa, hata na watoto ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa wakati huo.

Tanzania nayo ina wa kwake. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapa hapa Mara, aliunda wizara ya utamaduni akitaka Watanganyika wasizionee haya ngoma zao. Miaka iliyofuata Nuta Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zikaingia majumbani kupitia redio. Leo tunaziita zilipendwa, ingawa hakuna aliyeacha kuzipenda.

Kwa nini nyimbo za zamani hazichuji? Wataalamu wa kumbukumbu wanasema muziki tuliousikia tangu utotoni hadi ujanani hushika kuliko mwingine, kwa sababu ulikuja pamoja na mambo ya mara ya kwanza: rafiki, mapenzi, safari, kuitwa mtu mzima. Ndiyo maana babu aliyeanza kusahau majina ya wajukuu anaweza kuimba beti zote za wimbo wa ujana wake. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amwekee nyimbo zake. Si dawa, lakini humtuliza na kumfungulia mazungumzo.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu haichagui. Tarime na Serengeti, nyimbo nyingi za kuitwa mtu mzima ni nyimbo za msimu wa tohara. Desemba shule zinapofungwa, barabara hujaa watu wanaoimba na kucheza. Kwa bibi, sauti hiyo ni ujana wake. Kwa mjukuu wa darasa la sita, huenda ikawa tangazo kwamba zamu yake ya kukeketwa imefika.

Hapo ndipo mzazi anapobanwa. Akikataa, ataambiwa amedharau mila na kumnyima binti sherehe. Akikubali, binti yuko hatarini kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi, na miaka baadaye kupata shida wakati wa kujifungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998.

Lakini wimbo na wembe si kitu kimoja, na zipo sehemu ambazo vimeshatenganishwa. Katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, wasichana hupokelewa msimu unapokaribia, hufundishwa kuhusu miili yao, haki zao na maisha, kisha huhitimu kwa nyimbo na ngoma mbele ya watu bila kukatwa. Mugumu nako ipo nyumba salama inayowahifadhi wanaokimbia.

Sherehe ya namna hiyo inampa binti kile ambacho wimbo uliahidi tangu mwanzo: kutambuliwa kuwa amekua. Bibi anapata wimbo wake, na mama anapata mtoto mzima wa afya.

Kwa mzazi, kazi inaanza kabla ya Desemba. Zungumza na bibi na mashangazi mapema, si siku ambayo ngariba ameshafika. Waombe wawafundishe watoto nyimbo, maana zao na nani alizipiga, na mseme wazi mbele ya ukoo kwamba kwenu mnaimba bila kukata. Ukiona mtoto yuko hatarini, wako au wa jirani, piga simu namba 116 bila malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi kilicho karibu.

Jioni basi likirudi Tarime, litungu bado linanguruma. Acha lingurume. Binti aliyekaa dirishani atalikumbuka akiwa bibi, na kinachobaki ni sisi kuamua atakumbuka nini pamoja nalo.