Baleniera inajulikana kwenye maungio, si kwenye rangi

KISANGANI – Ni saa kumi na mbili asubuhi, kando ya mto, komini ya Lubunga. Mama mmoja amesimama na watoto watatu, magunia mawili na godoro lililofungwa kamba. Alikimbia kijiji chake katika teritware ya Opala mwaka 2023, wakati mgogoro wa ardhi kati ya Mbole na Lengola ulipoleta mapanga na moto. Tangu siku hiyo amelala kwa jamaa, chumba kimoja watu tisa. Sasa amesikia kwamba kwao kumetulia kidogo na anataka kurudi akaone kama shamba lake bado lipo.

Njia yake ni maji. Atashuka mto Kongo zaidi ya kilomita 100 mpaka Isangi, kisha apande mto Lomami kwenda Opala. Baleniera mbili zimefungwa mbele yake. Ya kwanza ni ya buluu, rangi mpya, bashi mpya, inaondoka leo, na bei yake ni ndogo. Ya pili imechakaa kwa jua, haina rangi, inaondoka baada ya siku tatu, na inaomba pesa zaidi. Mama amekwisha kutoa avansi kwa ile ya buluu. Hajui kuogelea, na watoto wake pia hawajui.

Karibu yake kuna fundi mzee anayepiga misumari kwenye baleniera iliyopinduliwa mchangani. Mama anamsalimia na kumuuliza: “Papa, kati ya hizi mbili, wewe ungepandisha watoto wako kwenye ipi?”

Mzee anaweka nyundo chini. “Mwanangu, rangi inauzwa sokoni. Njoo tuangalie ndani.”

Kwenye nchi nyingine, mwenye kutafuta mashua analinganisha majina ya viwanda. Kwenye bichi za Kisangani hakuna jina la kiwanda linaloandikwa ubavuni. Kuna mkono wa fundi, aina ya mti, na moyo wa mwenye chombo. Vyombo vyenyewe ni vya namna tatu, na kila kimoja kina mahali pake pa kufia.

Mtumbwi unachongwa katika mti mmoja. Hauna maungio, kwa hiyo hauna pa kuachia, na ndiyo sababu Wagenia wanaushusha katikati ya maji makali ya maporomoko bila hofu. Ubaya wake ni ufa unaoanzia kwenye ncha, na tena upana wake hauwezi kupita upana wa mti. Mtu mmoja akisimama vibaya, wote wanaingia majini.

Chombo cha chuma ndicho wazee wanakumbuka: mabato makubwa ya Onatra, yaliyopanda kutoka Kinshasa zaidi ya kilomita 1,700. Chuma kinaliwa na kutu, zaidi pale maji na hewa vinapokutana. Mahali penye kiraka juu ya kiraka, au saruji iliyomwagwa ndani kuziba tundu, chuma chenyewe kimekwisha kuwa chembamba.

Mabato hayo yalipopungua, baleniera ndizo zilichukua watu na mizigo. Jina limetoka Kifaransa, mashua ya kuwindia nyangumi, ingawa mtoni kwetu hakuna nyangumi. Ni mbao zilizopigiliwa juu ya mbavu, na nafasi kati ya mbao inazibwa kwa vitambaa na gudroni, kisha inafunikwa kwa vipande vya bati. Kambala ni mti unaovumilia maji kwa miaka. Mti mwepesi unaoza haraka, na rangi ikishapakwa juu yake, macho hayawezi kuutofautisha. Mbao zikipigiliwa zikiwa bado mbichi, zinakauka, zinajikunja, na maungio yanafunguka.

Ndani ya ile ya buluu, mzee aliinua ubao wa chini. Maji yalifika katikati ya mguu, na kijana mmoja alikuwa anayatoa kwa bidoni iliyokatwa. Mzigo ulikuwa bado haujaingia. “Kila baleniera inakunywa maji kidogo,” mzee alisema. “Hii inakunywa ikiwa imefungwa na tupu. Ikibeba magunia ya mahindi na watu, je?” Kisha akamwonyesha sehemu ya nyuma, karibu na moteri. Mtetemo ulikuwa umelegeza misumari, na bati moja lilikuwa linacheza chini ya kidole.

Ile nzee ilikuwa na unyevu tu chini. Mbavu zake zilikaribiana, na misumari ilikuwa imepinda upande wa ndani ili isitoke. Mabati yalikuwa ya kila rangi, maana mwenyewe hurudi kuyabadilisha kila mara, na hilo ndilo mzee alilisifu.

Lakini alimpa onyo moja pia. Baleniera nzuri inaweza kuua kama ile mbaya. Ikijazwa mpaka ukingo ubaki kiganja kimoja juu ya maji, ubora wa mbao hauna kazi tena. Moto ni vilevile. Mwezi wa ine 2025, chombo cha mbao HB Kongolo kiliwaka karibu na Mbandaka na zaidi ya watu 100 walikufa. Viongozi wa mto walisema moto ulianza pale mama mmoja alipokuwa anapika ndani. Na usiku, serikali imekataza kusafiri, lakini wengine bado wanaondoka gizani.

Mama aliomba arudishiwe avansi. Mwenye baleniera alikataa. Wenzake waliokuwa wamekwisha kupanda walimcheka: “Mama, maji hayangojei mtu!” Akashusha godoro, akarudi na watoto kwenye chumba kile cha watu tisa.

Ile ya buluu iliondoka saa tano, na mpaka sasa hakuna habari mbaya iliyosikika juu yake. Abiria wake bila shaka walifika mapema, na pesa zao zikabaki mfukoni. Siku tatu zile, mama aliuza mafungu ya pondu barabarani ili kujazia bei.

Siku ya safari alifika mapema. Kabla ya kupanda aliinua ubao wa chini, akaangalia maji. Akapima ukingo kwa mkono wake. Akauliza mafuta yako wapi na watu wanapikia wapi, kisha akatandika mkeka mbali na pote pawili. Jile ilikuwa moja kwa watoto watatu. Akaivalisha mdogo.