Filamu yako na mashine za uwanja wa ndege

Je, msomaji mpenzi, umewahi kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya juu mtaani Nyayo Highrise, Nairobi, jua linapokaribia kutua? Ikiwa bado, jaribu siku moja. Upande mmoja utaona mapaa ya mabati ya Kibera yakianzia karibu kabisa na ua la mtaa, yamebanana hadi macho yanachoka. Upande wa pili iko Barabara ya Mbagathi na matatu zake. Angani, ndege ndogo zinateremka moja baada ya nyingine kuelekea uwanja wa Wilson. Mtu mwenye kamera mahali hapo hakosi cha kupiga.

Siku hizi wengi wetu hupiga picha kwa simu. Hata hivyo, kamera ya filamu haijazikwa. Wanafunzi wa vyuo wamezitoa kabatini kamera za babu zao, wapiga picha wa harusi wanaipenda rangi yake, na jamaa zetu walio ng'ambo huja likizoni na vile vikamera vya kadibodi vinavyotumika mara moja na kutupwa. Makala haya ni ya hao wote, maana filamu ina adui ambaye aghalabu haonekani mpaka madhara yametokea. Adui huyo hayuko vichochoroni mwa Kibera. Yumo ndani ya mashine inayokagua mizigo ya wasafiri.

Picha isiyopigwa mara mbili

Huenda ukauliza: filamu moja ikiharibika, si mtu apige nyingine? Sehemu hii ya Nairobi inatujibu vizuri.

Chini kidogo ya Highrise kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Wazee wanakumbuka mashua za tanga zikishindana juu ya maji hayo siku za mapumziko. Baadaye maji yalichafuka, magugu yakayafunika, na mashua zikaondoka. Aliyepiga picha siku zile ana hazina. Ambaye hakupiga hana la kufanya.

Au chukua tarehe 23 Julai 2018. Asubuhi hiyo tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba, maduka na shule zilibomolewa, na maelfu ya watu wakahama. Mtu aliyekuwa amepiga picha mlango wa nyumba ya nyanya yake wiki moja kabla hawezi kurudi kuupiga tena. Mlango wenyewe haupo, na mahali uliposimama pana lami.

Ndiyo sababu picha za wenyeji zina uzito wake. Mwaka wa 1997, vijana wa mtaa mwingine wa mabanda, Mathare, walipewa kamera za plastiki za bei rahisi katika mradi wa Shootback, wakapiga maisha yao wenyewe. Mwaka wa 1999 picha hizo zikatolewa kitabu. Zote zilitoka kwenye filamu. Na mkanda wa filamu ambao haujasafishwa hauna nakala. Ni huo mmoja tu, wenye picha 24 au 36. Ukiungua, hadithi imekwisha.

Filamu na eksirei wanajuana tangu zamani

Miali ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi wa Novemba 1895. Muda mfupi baadaye aliutumia bamba la picha kuonyesha mifupa ya mkono wa mkewe. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mtu akivunjika mguu na kupelekwa hospitalini, picha aliyorudi nayo mkononi ilikuwa ya filamu. Basi usishangae kwamba eksirei huacha alama kwenye filamu. Hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake.

Ndani ya filamu ya kamera kuna punje ndogo sana za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, hubadilika, na dawa ya kusafishia huzifanya nyeusi. Miali ya eksirei huzigusa vivyo hivyo, lakini yenyewe haizuiwi na kifuniko cha kamera, wala kikopo cha filamu, wala ngozi ya mkoba. Matokeo yake ni ukungu. Picha hupoteza weusi wake wa kina, punje huwa kubwa, rangi hufifia. Mashine kali zaidi huacha mistari au mawimbi yanayokatiza picha moja hadi nyingine.

Jambo baya ni kwamba mashine haikwambii kitu. Mkoba unatoka upande wa pili ukiwa mzima, unashukuru, unakwenda zako. Unagundua hasara majuma kadhaa baadaye, negatifu zikiwa tayari zinaning'inia kukauka.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba madhara hujumlika. Filamu haisahau. Ikipita leo kidogo na kesho kidogo, kila kidogo kinaongezwa juu ya kingine.

Mashine si moja

Watu wengi husema "mashine ya uwanja wa ndege" kana kwamba ni moja. La hasha. Ziko za aina nne, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ule mlango unaopitia wewe mwenyewe, unaolia ukiwa na sarafu au funguo mfukoni. Huo hutafuta chuma tu. Hautumii eksirei na hauidhuru filamu.

Ya pili ni ile ya kawaida ya mkoba wa mkononi, yenye ukanda unaotembea na picha bapa kwenye kioo cha askari. Nguvu yake ni ndogo. Filamu yenye namba 100, 200 au 400 inaweza kupita mara moja au mbili bila alama ya kuonekana. Lakini filamu nyepesi kupokea mwanga, yaani 800 na kuendelea hadi 3200, si ya kujaribiwa hapo. Zile za kamera za picha za papo hapo nazo mara nyingi ni 800.

Ya tatu ndiyo inayowatia wapiga picha hofu siku hizi. Ni mashine ya mkoba wa mkononi ya aina ya CT, ndugu wa ile inayotumika hospitalini kupima kichwa cha mgonjwa. Humulika mkoba kutoka pande zote ili askari aweze kuugeuza kwenye kioo kama anayegeuza chungwa mkononi. Msafiri huipenda kwa sababu mara nyingi haimlazimishi kutoa kompyuta wala chupa zake mkobani. Lakini makampuni ya filamu, kama Kodak na Ilford, yameonya kwamba kupita mara moja tu kunaweza kuidhuru filamu. Mashine hizi zimeenea katika viwanja vikubwa vya Ulaya, Marekani na Asia. Ukiona mashine nene, nyeupe, yenye umbo la mviringo kama pipa kubwa lililolazwa, ishuku kuwa ndiyo hiyo.

Ya nne ni ya mizigo unayokabidhi kaunta, ile inayokwenda tumboni mwa ndege. Hizo zina nguvu kubwa zaidi, na huzioni. Kwa hivyo shika amri hii moja hata ukisahau nyingine zote: usiweke kamwe filamu ambayo haijasafishwa ndani ya sanduku la kukabidhi.

Kutoka Highrise hadi ng'ambo

Sasa tufunge safari. Tuseme umepiga mikanda mitatu Kibera, na unataka kusafiri.

Wilson ni mwendo mfupi tu kutoka Highrise. Uwanja huo umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Kutoka hapo watu huruka kwenda Maasai Mara, Lamu na kwingineko. Ndege ni ndogo, lakini usidhani ukaguzi haupo. Mizigo hukaguliwa, na ni hapo unapoanza kuomba.

Huenda ukachagua gari moshi. Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina ukaguzi unaowashangaza wageni. Katika stesheni ya Syokimau mbwa hunusa mizigo, kisha mizigo hiyo hupitishwa kwenye mashine. Watu wengi hulinda filamu kwenye ndege, wakaisahau kwenye reli.

Ukienda JKIA, mkoba wako hupita kwenye mashine zaidi ya mara moja: unapoingia jengo la abiria, na tena kabla ya kufika chumba cha kungojea ndege. Ukibadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai, unaweza kukaguliwa upya. Hesabu mwenyewe. Mara mbili Nairobi, mara moja njiani, kisha tena wakati wa kurudi. Kwenda na kurudi, mkanda mmoja unaweza kukutana na eksirei mara tano au sita. Filamu ambayo ingestahimili mara moja haiwezi kuahidi kustahimili zote.

Hata bila kusafiri, fungua macho. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, ukaguzi umeongezeka kwenye milango ya maduka makubwa na majengo ya ofisi jijini. Mahali pengine ni kifaa cha mkono tu, ambacho hakina neno. Mahali pengine ni mashine ya ukanda.

Ufanye nini?

Kwanza, ikiwezekana, safisha filamu kabla ya kusafiri. Filamu iliyokwisha kusafishwa haiogopi tena eksirei, wala negatifu za zamani, wala picha za karatasi, wala kamera ya dijitali na kadi yake. Studio zinazosafisha filamu si nyingi kama zamani, hivyo ulizia mapema. Filamu ya nyeusi na nyeupe inaweza hata kusafishwa nyumbani kwa tangi dogo, jambo linalofaa sana kwa klabu za picha shuleni na vyuoni.

Pili, usisafiri na mkanda nusu ndani ya kamera. Askari akitaka kujua kilichomo, anaweza kuifungua kamera mgongoni, na mwanga wa taa ukamaliza kazi kabla ya eksirei. Maliza mkanda au uurudishe kwenye kikopo chake nyumbani, kabla ya kuondoka.

Tatu, toa filamu zote kwenye maboksi, uziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, juu kabisa ya mkoba wa mkononi. Askari mwenye foleni ndefu atakusaidia kwa urahisi akiona mara moja anachoombwa kukagua.

Nne, fika mapema, na useme kabla mkoba haujagusa ukanda. Ukisema baada ya hapo, maji yamekwisha kumwagika. Maneno yawe machache na ya heshima: "Samahani afande, hizi ni filamu za kamera ambazo hazijasafishwa. Mashine huziharibu. Naomba uzikague kwa mkono." Ukikutana na mama mwenye umri, anza na shikamoo. Heshima hufungua milango ambayo hasira huifunga.

Tano, jua mipaka ya haki yako. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, inamruhusu msafiri kuomba filamu ikaguliwe kwa mkono. Kwingineko, mara nyingi ni hiari ya askari aliye mbele yako. Akikataa, uliza kwa upole kama kuna mstari wenye mashine ya zamani. Usibishane. Kazi yake ni kulinda maisha ya abiria, nawe ni mmoja wao.

Sita, usiutegemee sana mfuko wa madini ya risasi unaouzwa kwa ajili ya filamu. Husaidia kwenye mashine hafifu. Lakini kwenye kioo huonekana kama bonge jeusi, na askari atataka kuufungua au kuupitisha tena. Na dhidi ya mashine kali si ngao ya kuaminika.

Saba, usidhani posta ni njia ya kukwepa. Vifurushi vinavyosafirishwa kwa ndege navyo humulikwa. Ikiwa unakoenda filamu huuzwa na kusafishwa, nunua huko na usafishe huko huko. Hiyo ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote.

Mwisho, kumbuka kwamba ulinzi wa picha huanza kabla ya safari. Ukiwa Kibera, mwombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga, na ukimwahidi nakala, mpelekee. Usipige picha mahali pa ukaguzi wa usalama pia, usije ukapoteza kamera na filamu kwa pamoja.

Msomaji mpenzi, filamu tatu mkobani ni uzito wa mandazi machache tu. Lakini huenda ndani yake mna sura ya nyanya akicheka kwenye mlango ambao mwaka ujao hautakuwepo. Sekunde chache za kuomba mbele ya ukanda zinatosha kuiokoa sura hiyo. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Safari njema.