Udongo wa Ukingoni

Watu husema kuwa mafuriko hutoka mbinguni. Nami nilisadiki hivyo kwa miaka mingi, mpaka mto uliponifunza kuwa mvua hutoka juu, lakini maafa aghalabu huandaliwa chini, kwa mikono yetu wenyewe.

Nililelewa Kibera, kando ya Mto Ngong. Jina la mahali hapo latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa askari wa Kinubi walipopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa pori. Mimi sikuukuta msitu. Nilikuta nyumba za fito na udongo zilizobanana. Kila kuta zetu zilipopasuka, mama alinipa jembe na karai, nami nikashuka mtoni kuchimba. Udongo wa ukingoni ulikuwa laini, tena wa bure. Tuling'oa nyasi kwanza, maana mizizi yake ilituudhi. Hatukujua kuwa mizizi ile ndiyo kamba iliyoufunga ukingo.

Udongo uliolegea ulichukuliwa na maji pamoja na taka zetu hadi Bwawa la Nairobi, lililo chini ya mtaa. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, na zamani mashua zilipita juu yake. Sasa limejaa tope na magugu. Mto uliojaa tope hauna kina, na maji yakikosa njia yake hushika njia ya watu.

Mwaka 2024 masika yalikuwa makali, na watu zaidi ya 200 walikufa nchini Kenya. Usiku mmoja wa Aprili ukingo ulikatika pale pale nilipozoea kuchimba. Chumba cha jirani yetu, mjane aliyenitunza utotoni, kiliporomoka. Yeye tulimtoa hai. Cherehani yake, iliyokuwa riziki yake, ilikwenda na maji. Nilisimama na taa mkononi nikiutazama ukuta wetu uliobaki wima. Ulikuwa umekandikwa kwa udongo ulioondolewa chini ya nyumba yake.

Tulikimbilia Kawangware kwa shangazi. Huko nako kuna kijito, na mvua ilikuwa ile ile. Lakini shangazi alikuwa amepanda safu tatu za mabingobingo ukingoni, akiyakata na kuwauzia wafugaji. Maji yalipanda, yakayalaza majani, yakashuka, ukingo ukabaki. Hatua chache mbele, palipojazwa taka, maji yaliingia vyumbani.

Nilimwuliza kama alikusudia kuyazuia maji. Akacheka. "Mwanangu, nilitafuta fedha ya chumvi. Ardhi imenilipa zaidi ya nilivyoidai."

Sisemi kuwa nyasi zatosha kuushinda kila mto. Maskini hajengi ukingoni kwa kupenda, bali kwa kukosa pengine. Mahali salama na mifereji mizuri ni deni ambalo mji haujamlipa. Lakini deni la mji halifuti langu.

Niliporudi Kibera nilibeba vipande vya mabingobingo katika karai lile lile la udongo. Mjane alinisaidia kuvipanda, wala hakuniuliza neno. Msomaji, ukiuona ukingo mtupu mtaani kwako, usingoje mawingu.